Agop aliyebakishwa herufi moja

Mwaka 1964 Taasisi ya Lugha ya Kituruki ilitoa mjini Ankara kitabu kiitwacho Türk Diline Genel Bir Bakış. Kwa Kiswahili tungesema mtazamo wa jumla juu ya lugha ya Kituruki. Ni kitabu kinene, kinaanza na familia za lugha, kinapita Asia ya Kati, kinateremka mpaka Anatolia, na jina la mwandishi limewekwa hivi: A. Dilâçar. Herufi A, nukta, kisha jina la ukoo ambalo ukilikata vipande linasema "afunguaye lugha". Dil ni ulimi, tena ni lugha. Açar ni mfunguaji, na kwa majirani zao wa Azerbaijan neno hilohilo ni ufunguo.

Ile A ni Agop. Na kwa mtu aliyekulia Istanbul, Agop ni Mwarmenia, hahitaji kuuliza. Huku kwetu ukiambiwa mtu anaitwa Mushi huulizi tena kwao ni wapi.

Nimekuwa nikiisumbukia hiyo nukta. Waandishi wengi hufupisha majina, hilo halina ajabu. Lakini mtu huyu alikitumikia Kituruki kwa karibu miaka 50, akafundisha walimu wake, akahariri ensaiklopidia ya taifa, akapewa jina la ukoo na Atatürk mwenyewe, mwanzilishi wa jamhuri ya Uturuki, na bado kwenye jalada Agop hakukaa. Naona pale palifanyika biashara. Taifa jipya lilihitaji elimu ya watu ambao halikutaka kuwaona ndani, likaichukua elimu, mwenye elimu likambakisha mlangoni na herufi moja. Na mwenyewe alikubali bei. Ndiyo maana sitaki kumwandika kama mhanga tu, wala kama shujaa tu.

Alizaliwa Istanbul tarehe 22 Mei 1895, jina lake Hagop Martayan. (Waturuki huandika Agop, maana ile H ya mwanzo huimeza.) Akasoma Robert College, shule ya Wamarekani iliyo juu ya mlango wa bahari wa Bosphorus, akahitimu mwaka 1915. Mwaka huo, kwa Mwarmenia, si wa kupita haraka. Usiku wa tarehe 24 Aprili 1915 polisi wa Istanbul walianza kuwachukua waandishi, walimu, madaktari na wanasiasa wa Kiarmenia, wakawapeleka bara, na wengi hawakurudi. Miongoni mwa waliouawa kiangazi kile alikuwemo Daniel Varoujan, mshairi, na kazi yake ya kila siku ilikuwa ualimu mkuu wa shule. Vijijini na mijini Anatolia watu walihamishwa kwa nguvu kuelekea jangwa la Shamu, wakafa kwa mamia ya maelfu. Serikali ya Uturuki hadi leo inakataa kuyaita mauaji ya kimbari. Wanahistoria wengi wa kipindi kile wanayaita hivyo, na mimi nayaita hivyo.

Agop yeye aliingizwa jeshini, afisa ndani ya jeshi la dola ileile. Hapo ndipo kinapoingia kisa ambacho wasimulizi wa maisha yake hawakiachi. Alishukiwa kwa sababu alikuwa akizungumza Kiingereza na mateka wa Kiingereza, akakamatwa, akafikishwa Dameski mbele ya kamanda aliyeitwa Mustafa Kemal, ndiye huyo atakayekuja kuitwa Atatürk. Katika vitu vyake walikuta kitabu cha sarufi ya Kituruki kilichoandikwa na Gyula Németh, msomi wa Hungaria, na humo maneno ya Kituruki yalikuwa yameandikwa kwa herufi za Kilatini. Kamanda akakishika, akaanza kuuliza maswali, na mazungumzo ya ujasusi yakageuka ya alfabeti. Visa vya namna hii hupendeza mno kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Ila kitabu chenyewe kilikuwepo, kilitoka Ujerumani mwaka 1916, na herufi za Kilatini zimo.

Vita vilipokwisha alikwenda Beirut akawa mwalimu na mhariri wa gazeti la Kiarmenia, kisha Sofia, Bulgaria, akifundisha chuoni Kituruki cha zamani na lugha za kale za mashariki. Huko ndiko mwaliko ulipomfikia mwaka 1932.

Lakini mwaliko ule hauna maana mpaka kwanza tuzungumze habari ya herufi, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kuliko msomaji wa Paris au Chicago.

Kituruki kina irabu 8. Kiarabu kina tatu, fupi na ndefu. Kwa karne nyingi Waturuki waliiandika lugha yao ya irabu 8 kwa herufi za lugha ya irabu tatu, na matokeo yake unaweza kuyaonja kwa neno moja. Oldu ni "amekuwa". Öldü ni "amekufa". Kwa herufi za Kiarabu yote mawili huandikwa sawasawa. Sasa fikiria unapokea barua kutoka mjini yenye maneno matatu: Mehmed, pasha, na hilo la tatu. Ndugu yako Mehmed amepandishwa cheo kuwa pasha, au Mehmed Pasha amefariki? Uchinje mbuzi wa sherehe au wa matanga?

Wazee wetu wa pwani waliosoma tenzi kwa herufi hizohizo wanaujua utamu na uchungu wake. Kiarabu hakina e wala o, kwa hiyo kuku na koko hubaki ndugu mapacha mpaka maana ya ubeti iwatenganishe. Mjuzi hapati shida, kwa kuwa utenzi anao kifuani tangu kabla hajafungua karatasi. Anayepata shida ni mtoto anayeanza, au mgeni.

Waarmenia wa Anatolia walikuwa wamepata njia yao. Wengi wao lugha ya nyumbani ilikuwa Kituruki, Kiarmenia wakikisikia kanisani tu. Lakini alfabeti yao, ile ya Mesrop Mashtots ya mwanzoni mwa karne ya 5, ina herufi 38 na inazimudu sauti za Kituruki bila taabu. Basi wakaandika Kituruki kwa herufi za Kiarmenia: Biblia, magazeti, hesabu za duka, barua za mapenzi. Mwaka 1851 Hovsep Vartanyan, aliyejulikana kama Vartan Pasha, alichapisha Akabi Hikâyesi, yaani hekaya ya Akabi, msichana wa kanisa la Kiarmenia la asili anayempenda kijana Mkatoliki. Lugha ni Kituruki. Herufi ni za Kiarmenia. Wengi sasa wanaihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kituruki, lakini kwa miaka zaidi ya 100 vitabu vya shule vilimpa nafasi hiyo Şemseddin Sami kwa riwaya yake ya 1872, kwa sababu waliotunga vitabu hivyo hawakuwa na mazoea ya kutafuta Kituruki ndani ya maandishi ambayo hawakuweza kuyasoma. Na Sami naye hakuwa Mturuki. Alikuwa Mwalbania! Ndiye aliyetunga Kamus-ı Türkî, kamusi kubwa iliyofunga karne ya 19, huku mkono wa pili akiandika sarufi ya Kialbania.

Nani anaandika sarufi na kamusi za lugha? Mara nyingi sana, yule aliyelazimika kuitazama. Mwenye lugha anaiona kama maji ya kuoga. Niliwahi kufundisha Kiswahili kwa wageni, na siku moja mwanafunzi akaniuliza kwa nini nasema "rafiki yangu" lakini "rafiki huyu amekuja". Kama rafiki ni mtu, mbona si "rafiki wangu"? Nikamjibu jibu la mwenye lugha: ndivyo tunavyosema. Aliandika kwenye daftari kwa upole, nikaona aibu. Usiku nilikwenda kusaka. Kumbe kanuni ipo, inawahusu mama, baba, ndugu, rafiki, adui, kundi zima la watu wa karibu, na mimi nimeitumia tangu nilipoanza kusema bila kujua ninayo.

Mwarmenia wa Istanbul hakuwa mgeni kabisa, wala hakuwa mwenyeji kabisa. Alilala na lugha moja na kuamka na nyingine. Hapo ndipo jicho la sarufi linapozaliwa. Mpe mtu wa namna hiyo neno evlerimizden na hataona neno, ataona behewa nne: ev nyumba, ler wingi, imiz yetu, den kutoka. "Kutoka kwenye nyumba zetu." Ataona pia kwamba irabu za mkiani zinamfuata ev kama vifaranga, na kwamba ukibadilisha nyumba ukaweka kitap, kitabu, vifaranga vyote vinabadilisha rangi: kitaplarımızdan. Kiswahili hujivika kofia mbele, Kituruki huburuta mkia nyuma, lakini ufundi ni mmoja, wa kushikiza vipande. Wanaoona vipande ndio wanaoandika vitabu vya shule.

Turudi kwenye herufi. Tarehe 1 Novemba 1928 Bunge la Ankara lilipitisha sheria ya alfabeti mpya, herufi 29 za Kilatini, na ndani ya miezi michache maandishi ya Kiarabu yakaondolewa katika magazeti, vibao na ofisi. (Mwaka huohuo wa 1928, mjini Mombasa, wajumbe wa serikali za kikoloni na misheni walikaa wakaamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hawakushauriana na Ankara. Ulikuwa ni wakati wenye hamu ya kunyoosha lugha.)

Na mwaka huohuo, mwezi Januari, wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha Istanbul walianzisha kampeni yenye maneno matatu: Vatandaş, Türkçe konuş! Raia, ongea Kituruki! Mabango yalibandikwa kwenye feri, kwenye kumbi za maonyesho, kwenye mikahawa. Wagiriki, Wayahudi na Waarmenia waliosikika wakizungumza lugha za mama zao hadharani walikemewa, wengine walitozwa faini na mabaraza ya miji. Hiyo ndiyo hewa ya nchi iliyomwita Agop Martayan arudi kutoka Sofia.

Taasisi ya Lugha ya Kituruki ilianzishwa tarehe 12 Julai 1932, na jina lake la kwanza lachekesha: Türk Dili Tetkik Cemiyeti. Ilikuja kufukuza maneno ya Kiarabu, na nusu ya jina lake ni Kiarabu. Cemiyet ni nduguye jamii na jumuiya. Tetkik, uchunguzi, imetoka shina moja na dakika. Kongamano la kwanza lilifunguliwa tarehe 26 Septemba katika kasri la Dolmabahçe, Atatürk akiwa amekaa anasikiliza, na kati ya walioitwa wakiwa wataalamu walikuwemo Waarmenia watatu: Martayan, Kevork Simkeşyan na İstepan Gurdikyan. Martayan hakurudi tena Sofia. Aliajiriwa kwenye taasisi akawa mtaalamu wake mkuu, kazi aliyoishika mpaka kufa. Kuanzia 1936 hadi 1951 alifundisha isimu katika kitivo cha lugha cha Chuo Kikuu cha Ankara, na kuanzia 1942 hadi 1960 alikuwa kwenye uhariri wa ensaiklopidia ya Kituruki.

Kazi ya kufukuza maneno ni ya kuihurumia na kuicheka kwa pamoja, na kwa sisi inagusa nyumbani. Shangazi yangu ni mfuasi wa tamthilia za Kituruki zinazotiwa sauti za Kiswahili. Siku moja mwanawe alimtafutia kwenye simu sehemu za mbele ambazo bado hazijatiwa sauti, akawa anafuata picha huku akisikia Kituruki chenyewe. Akaingia kijana sebuleni, akamwambia mzee aliyekaa: merhaba. Shangazi akashusha simu.

"Mtoto huyu anamwambia mtu mzima marahaba! Kabla hajaamkia!"

Nikamweleza kuwa kwao ndiyo salamu. Hakuridhika. Lakini kuanzia hapo akawa anayakamata maneno: dakika, saat, zaman, haber, şeytan. "Hawa wameiba kwetu," akasema. Nikamwambia, "Shangazi, wote tumekopa duka moja." Tofauti ni kwamba wao mwaka 1932 waliamua kurudisha bidhaa dukani.

Muallim, yule mwalimu wetu, akaondoka, akaja öğretmen. İmtihan, mtihani, nafasi ikachukuliwa na sınav. Sebep ikapewa mpinzani aitwaye neden, şart ikapewa koşul, hikâye ikapewa öykü. Hürriyet, uhuru, ikawekwa kando ya özgürlük. Mwaka 1934 taasisi ilitoa orodha kubwa ya mapendekezo yaliyookotwa katika lahaja na vitabu vya kale, na kwa neno hediye, zawadi, mwandishi alipewa mbadala 77 achague mwenyewe. Oktoba mwaka huohuo Atatürk alimhutubia mrithi wa ufalme wa Sweden kwa Kituruki kilichosafishwa mpaka wenyeji waliokuwa mezani wakabaki kutazamana. Hotuba yake maarufu ya 1927, iliyochukua siku sita kuisoma bungeni… samahani, kwenye mkutano wa chama chake, baadaye ililazimika kutafsiriwa kwa Kituruki cha sasa ili vijana wa nchi aliyoijenga waielewe.

Nataka msomaji arudi kwenye jalada tulilolianza. Genel. Jumla. Zamani neno lilikuwa umumî, la Kiarabu. Genel ni neno la warsha: wakachukua gen, pana, wakalishonea mkia, likatokea likifanana mno na générale ya Wafaransa, na wanaoshuku kwamba Kifaransa kilichungulia dirishani siwalaumu. Maana yake mtu huyu hata jina la kitabu chake aliliandika kwa matofali ambayo taasisi yake iliyafyatua. Sisi tumekuwa wavivu zaidi, au pengine wenye busara zaidi. BAKITA ilipotuletea kishikwambi tulikipokea, tarakilishi ikaishia zaidi kwenye vitabu vya shule, na mtaani watu wakaendelea na kompyuta. Hakuna aliyetozwa faini.

Mahali ninapomlaumu Dilâçar ni kwenye jua. Katikati ya miaka ya 1930 ilifika Ankara nadharia ya mtu wa Vienna aitwaye Hermann Kvergić, ikakuzwa na kuitwa Nadharia ya Lugha ya Jua: kwamba binadamu wa kwanza alitazama jua, akatamka "ağ", na kutokana na mtamko huo, Kituruki, zikazaliwa lugha zote. Ni upuuzi, na mtu aliyesoma isimu kwa kiwango chake alikuwa na kila sababu ya kujua ni upuuzi. Hata hivyo mwaka 1936 alichapisha maandishi ya kuitetea. Wapo wanaosema nadharia ile ilisaidia, kwani kama lugha zote ni Kituruki basi maneno ya Kiarabu nayo ni Kituruki, na usafishaji ukapoa. Kweli ulipoa. Lakini Mwarmenia mmoja ndani ya jengo lile, mwaka ule, angepinga kwa kutumia nini? Swali hilo halimtoi hatiani. Linaonyesha tu jinsi kiti chake kilivyokuwa na miguu mitatu.

Tazama sheria ya majina ya ukoo ya 1934. Kila raia achague jina, na kanuni zake zikakataza majina mapya yenye mikia ya kigeni, na mkia wa kwanza wa kujulikana ukiwa ni yan, ule wa majina ya Kiarmenia kama Martayan. Hapo ndipo Atatürk alipompa jina Dilâçar. Ni heshima kubwa, na ni njia ya kumfuta pia, vyote viwili katika neno moja zuri. Wapo wanaosema kwamba ni yeye naye aliyependekeza jina "Atatürk", na wapo wanaowataja wengine. Ugomvi huo una mashabiki wa kutosha. Ninaloona lina uzito ni la jirani yake: saini ya Atatürk, ile K. Atatürk yenye mkono wa kuruka ambayo Waturuki wameibandika kwenye vioo vya magari na kuichora chale mikononi, inatajwa kuwa kazi ya Hagop Vahram Çerçiyan, mwalimu wa Robert College aliyefundisha pale zaidi ya nusu karne. Hagop mwingine. Dereva mwenye saini ile kwenye kioo cha nyuma anatembea na mwandiko wa Mwarmenia mjini.

Msomaji anaweza kuniuliza: mbona na sisi sarufi zetu za mwanzo ziliandikwa na watu wa nje? Ni kweli. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Askofu Edward Steere, Mwingereza, akafuata Unguja. Kamati ya lugha ya 1930 mwanzoni haikuwa na Mswahili. Lakini pima uzito. Nyuma ya Krapf kulikuwa na misheni, nyuma ya kamati kulikuwa na magavana. Walikuwa wageni wenye nguvu juu ya lugha ya wasio na nguvu, kwa hiyo majina yao yakaandikwa kwa urefu wote, na ya masheikh na watoto waliowajibu maswali ndiyo yaliyopotea. Kwa Dilâçar mambo yalipinduliwa. Mwenye elimu ndiye aliyekuwa dhaifu, na aliyehitaji elimu alikuwa na dola. Ukitaka kujua nani alikuwa na nguvu kwenye kazi ya lugha, angalia jina la nani limefupishwa.

Alifariki Istanbul tarehe 12 Septemba 1979, umri miaka 84, bado akiwa mtu wa taasisi. Na kuna kisa kinachosimuliwa tangu hapo kuhusu tangazo la msiba kwenye televisheni: kwamba msomaji wa habari alimtaja marehemu kuwa Adil Açar. Sogeza nukta tu, vuta herufi, na A. Dilâçar inageuka hivyo. Adil! Mwadilifu, jina la Kiislamu lisilo na dosari, neno la Kiarabu ambalo hata sisi tunalo. Mtu aliyetumia maisha yake kuhesabu maneno ya Kiarabu ndani ya Kituruki, anazikwa kwa jina la Kiarabu, ili tu asiwe Mwarmenia kwa dakika moja ya taarifa ya habari.

Kazi hata hivyo haikutoka kwenye mikono hiyo. Pars Tuğlacı, mtunzi wa kamusi kubwa ya Okyanus, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Parseğ Tuğlacıyan; yeye alikata mkia mwenyewe. Na leo mwanafunzi wa Uturuki akitaka kujua neno limetoka wapi, muallim, sebep au hata genel, mahali pa kwanza anapofungua kwenye simu ni kamusi ya asili za maneno ya Sevan Nişanyan, iliyotoka kwanza kuwa kitabu mwaka 2002. Mwarmenia tena, wa Istanbul tena. Huyu hakufupisha jina wala hakunyamaza. Alifungwa mwaka 2014 kwa kesi za kujenga bila kibali, huku akiwa na hukumu nyingine ya kukashifu dini, na mwezi Julai 2017 akatoka gerezani kwa ruhusa ya siku moja na hakurudi. Akaandika mtandaoni kwamba ndege ameruka. Tangu hapo yuko nje ya nchi, na kamusi inaendelea kufunguliwa kila siku ndani ya nchi, jina lake likiwa juu, lote, pamoja na yan.